Mtoto asiwekwe rehani kwa ndoa ya wazazi wake

Katika parokia na sharika nyingi za ukanda huu, kuanzia Kisumu hadi Gitega na kutoka Mwanza hadi Mbarara, kuna swali ambalo mama mwenye mtoto mchanga huulizwa kabla hata ya kuulizwa jina la mtoto: "Mmefunga ndoa?" Akijibu ndiyo, anaelekezwa siku ya mafundisho. Akijibu bado, mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Anaambiwa akatengeneze kwanza mambo yake, ndipo arudi. Hapewi tarehe, hapewi barua, haambiwi amwone nani.

Kazi ya kuandika habari za nchi jirani imenipitisha Rusumo, Mutukula, Busia na Namanga mara nyingi. Watu wa mipakani hawaoni haya kulalamika. Watakueleza habari za mahindi yaliyozuiwa, ushuru uliopanda, kibali cha kazi kilichokwama na basi lililolala njiani. Suala hili la ubatizo hulitaja mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, daftari likishafungwa. Ni aibu ya nyumbani, wanasema. Kwa maoni yangu aibu hiyo ametwishwa mtu asiyehusika, na haifai kuendelea kusemwa kwa kunong'ona.

Niweke wazi kwanza ninachozungumzia. Siyasemi makanisa ambayo hayabatizi watoto wachanga kabisa. Wabaptisti, Waadventista wa Sabato na Wapentekoste wengi hufundisha kwamba ubatizo ni wa mtu anayeweza kukiri imani kwa kinywa chake. Mtoto kwao huombewa au huwekwa wakfu mbele ya waumini, na mlango huo ni mmoja kwa wote, awe mtoto wa mchungaji au wa muuza nyanya. Unaweza kutokubaliana nao, lakini huwezi kusema wanabagua. Ninayoyasema ni makanisa yanayofundisha kwamba mtoto mchanga anastahili kubatizwa, tena mapema, halafu yanachagua ni mtoto gani. Nitakaa zaidi na Kanisa Katoliki, kwa sababu ndilo lililoandika sheria zake kwa uwazi, na kila mtu anaweza kuzisoma.

Sheria hizo, zilizotangazwa mwaka 1983, zinasema nini? Kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, na kama yu katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa hata kidogo. Kanuni ya 868 inataja masharti mawili. La kwanza, mzazi mmoja angalau, au mtu anayeshika nafasi ya wazazi kihalali, awe ameridhia. La pili, kuwe na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani hiyo. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe, na wazazi waelezwe sababu.

Soma tena masharti hayo mawili. Ndoa ya wazazi haimo. Halimo neno lolote kuhusu cheti cha ndoa, pete, mahari au picha ya harusi ukutani. Kinachotakiwa ni ridhaa ya mzazi mmoja na tumaini la malezi. Na pale tumaini linapokosekana, neno lililotumika ni kuahirisha, pamoja na wajibu wa kueleza. Mama anayefukuzwa mlangoni na mtu mwenye haraka hakuelezwa chochote.

Kuna watakaosema kwamba kanuni ni kanuni tu, na hali za Afrika ni tofauti na za Roma. Bahati nzuri, swali la Afrika lilikwisha kuulizwa, tena na Afrika yenyewe. Mwaka 1970 askofu wa Dapango, kaskazini mwa Togo, aliandika Vatikani akiuliza afanye nini na watoto wa wazazi ambao si Wakristo, wa ndoa za wake wengi, na wa wazazi wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisa. Alijibiwa kwamba wanaweza kubatizwa iwapo kuna mtu wa kuaminika wa kuwalea katika imani. Mtu huyo anaweza kuwa mmoja wa wazazi, ndugu wa karibu au msimamizi wa ubatizo, na jumuiya ya waumini yenyewe inaweza pia kubeba jukumu hilo. Miaka 10 baadaye, Oktoba 1980, Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa waraka uitwao Pastoralis Actio, uliolifanya jibu lile kuwa mwongozo kwa Kanisa lote.

Waraka huo haujificha nyuma ya maneno. Unasema kwamba ahadi yoyote inayotoa tumaini la kweli la malezi ya Kikristo inatosha. Unakubali kwamba pasipokuwa na tumaini lolote, ubatizo usitolewe kwa wakati huo. Lakini unaonya kuwa kukataa huko hakupaswi kuwa njia ya kuwashinikiza wazazi, wala ubaguzi. Kinachoruhusiwa ni kuahirisha kwa ajili ya kuwafundisha, na mchungaji anatakiwa aendelee kuwasiliana na familia hiyo muda wote wa kusubiri.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kuahirisha kuna mafundisho, kuna ziara ya nyumbani, kuna tarehe ya kukutana tena. Pasipokuwa na hayo, kilichotokea ni adhabu, hata kama kimepewa jina la kuahirisha, na adhabu hiyo imemwangukia mtu mwenye umri wa miezi minne.

Marehemu Papa Francis alilisema jambo hili kwa ukali kuliko nitakavyothubutu mimi. Mwaka 2012, akiwa bado Askofu Mkuu wa Buenos Aires, aliwaita wanafiki mapadri wanaokataa kubatiza watoto wa mama wasio na ndoa. Mei 2013, miezi michache baada ya kuchaguliwa, alisimulia katika mahubiri habari ya msichana aliyekwenda kuomba ubatizo wa mtoto wake akaambiwa haiwezekani kwa kuwa hakuolewa. Alisema Kristo aliweka sakramenti saba, na watu wa namna hiyo wanaanzisha ya nane, ya forodha. Januari 2014, katika kikanisa cha Sistina, alibatiza watoto 32, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa wazazi waliofunga ndoa ya serikali tu.

Mfano wa forodha nadhani unatuhusu sisi kuliko wengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza Umoja wa Forodha mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010. Tunalalamika kila siku kwamba vikwazo visivyo vya ushuru bado vipo: ofisa mmoja anadai karatasi ambayo mwenzake wa kituo cha pili haijui. Nenda parokiani ukaone hali ile ile. Parokia hii inataka cheti cha ndoa. Ya pili inataka barua ya jumuiya. Ya tatu inataka zaka ya mwaka mzima iwe imelipwa. Ya nne inakubali mtoto wa mama asiye na ndoa lakini siku ya katikati ya wiki, wengine wakishaondoka. Zote ziko chini ya sheria moja.

Tabia hii ilitoka wapi? Maelezo yangu ni ya mwandishi wa habari, si ya mwanahistoria, lakini naona mzizi wake katika umisionari. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa White Fathers, aliwaagiza mapadri wake wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka minne ya mafundisho. Ilikuwa amri ya busara kwa wakati wake. Mtu mzima anaacha njia moja na kushika nyingine, na ndoa yake ni sehemu ya njia hiyo. Walipoingia Buganda mwaka 1879 walikuja na utaratibu huo, na ulienea hadi nchi za Maziwa Makuu. Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa wa Rwanda alitawazwa mwaka 1931 na hakubatizwa mpaka Oktoba 1943, baada ya kuachana na mke wake wa kwanza na kumwoa Rosalie Gicanda. Ubatizo wa mkubwa ulifungwa na ndoa yake, na vizazi vya waumini wetu vikajifunza kwamba mambo hayo mawili hayatenganishwi. Lakini Rudahigwa alikuwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe. Tumeichukua kanuni ya mkatekumeni mtu mzima tukamvisha mtoto anayenyonya.

Historia hiyo hiyo ina upande wa pili, na upande huo tunauadhimisha kila tarehe 3 Juni pale Namugongo. Mei 1886, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walipokuwa wakingoja hukumu, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake ambao walikuwa bado katekumeni, akiwemo Kizito, aliyekuwa kijana mdogo. Lwanga hakuwa padri. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa miezi michache tu kabla. Hakuna aliyeuliza kama wazazi wa Kizito walikuwa na ndoa ya namna gani. Bila shaka ilikuwa hatari ya kufa, na sheria ya sasa nayo inaruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi kubatiza katika hali hiyo. Wauguzi katika wodi za watoto wanalijua hilo vizuri kuliko wajumbe wa halmashauri za parokia.

Nimetaja barua ya jumuiya, na nataka kukaa hapo kidogo, kwa sababu walio nje ya Kanisa hudhani anayekataa ni padri. Mara nyingi padri hata hajamwona mtoto. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji wao, na kwa kweli ni moja ya mambo mazuri yaliyobuniwa katika ukanda huu. Familia 10 au 20 husali pamoja, huzikana, huchangiana. Lakini pale padri mmoja anapokuwa na vigango vingi na maelfu ya waumini, jumuiya inageuka kuwa dirisha la vibali. Mwenyekiti ndiye anayeandika barua, katibu ndiye mwenye daftari la mahudhurio, na mhazini ndiye ajuaye nani hajatoa mchango wa ujenzi. Wote ni majirani zako. Wanajua umegombana na nani kisimani, na mume wako analala wapi.

Mama anayeuza samaki alfajiri, dereva wa bodaboda anayetafuta riziki Jumamosi jioni wakati wenzake wanasali, mfanyakazi wa ndani anayepewa ruhusa mara moja kwa mwezi, hawa ndio daftari linaowaonyesha kuwa watoro. Barua yao haiandikwi. Na ikiwa deni la michango ndilo kikwazo, basi ijulikane kuwa kanuni ya 848 inakataza kudai zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka husika, na inataka maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Sijaona kanuni hiyo imebandikwa popote.

Sasa tuje kwenye ndoa yenyewe. Ni rahisi kusema waoane tu, shida iishe. Wanaosema hivyo wengi wameoa zamani. Vijana wetu wanaoishi kwa mtindo ambao Watanzania wameupa jina la "sogea tukae" si wote waliokataa ndoa. Wengi wamekwama njiani. Buganda kuna kwanjula, Rwanda kuna gusaba na gukwa, na popote unapokwenda kuna mahari, kamati na kadi za mchango. Kijana analipa ng'ombe mmoja leo, wa pili mwakani, na katikati mtoto anazaliwa. Ukoo wa mke unamtambua kama mkwe anayedaiwa, parokia inamtambua kama mzinzi.

Sheria za nchi nazo hazifanani, jambo ambalo kwa familia za mipakani si dogo. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke huweza kudhaniwa na mahakama kuwa wameoana. Rwanda inatambua ndoa ya serikali tu, kwa hiyo wenzi huanza ofisini kabla ya kwenda kanisani, na wengi huishia ofisini kwa muda mrefu kwa sababu sherehe ya kanisani ina gharama nyingine. Kenya na Tanzania, ndoa ya kanisani inaweza kusajiliwa moja kwa moja. Burundi, Mei 2017 serikali iliwapa wanaoishi pamoja bila ndoa mpaka mwisho wa mwaka huo wawe wamehalalisha. Watu wengi walipanga foleni. Sina uhakika kwamba ndoa ya foleni ndiyo ambayo Kanisa linaifundisha. Kanisa lenyewe linasema ndoa iliyofungwa kwa shuruti ni batili, ndiyo maana nashangaa parokia inapomshika mtoto ili kuwaharakisha wazazi. Padri anapata jina la kuandika kwenye daftari la ndoa, na miaka michache baadaye mwenzake katika mahakama ya jimbo anapata kesi ya kubatilisha.

Ningewakosea mapadri nikisema hawana hoja. Wanayo, na nimewasikiliza baadhi yao. Wanasema wapo wazazi wanaotaka ubatizo kwa ajili ya picha na pilau, na baada ya siku ile hawaonekani mpaka komunyo ya kwanza. Wanasema kama mtoto wa wasio na ndoa anabatizwa sawa na wa wenye ndoa, waliohangaika kufunga ndoa wataona wamejisumbua bure. Wanasema pia, na hii ndiyo hoja yao yenye nguvu zaidi, kwamba ubatizo ndiyo nafasi pekee ambapo baba wa mtoto anaweza kuonekana ofisini. Ukiuachia, umeachia kamba ya mwisho.

La kwanza nalikubali. Ndiyo sababu kuna mafundisho ya wazazi na wasimamizi, na padri ana haki ya kuyadai. La pili silikubali, kwa kuwa ubatizo si zawadi ya mwenendo mwema wa wazazi. Mafundisho yao yenyewe yanasema unamwondolea mtoto dhambi ya asili. Hakuna daktari anayemnyima mtoto chanjo ili jirani aliyelipa bima asikasirike.

La tatu ni gumu zaidi, lakini tuangalie linavyofanya kazi. Anayeitwa ofisini ni mama. Anayeketi kwenye benchi na mtoto mgongoni ni mama. Katika baadhi ya sharika za Kilutheri, anayesimama mbele ya waumini ili "arudishwe kundini" kabla mtoto hajabatizwa ni mama. Baba yuko Dodoma kwenye ujenzi, au yuko kwenye lori kati ya Mombasa na Kigali, au yupo hapo hapo mtaani lakini anasali parokia ya pili ambako hakuna anayemjua, na anapokea komunyo. Kamba hiyo ya mwisho haijamfunga yeye. Mimba ilionekana kwa mmoja, adhabu ikamfuata aliyeonekana.

Na yapo mambo yanayopotea mtoto anapoachwa miaka. Cheti cha ubatizo kwa watu wetu ni zaidi ya karatasi ya kanisa. Ni njia ya kuelekea komunyo, kipaimara na ndoa, na mara nyingi ni ushahidi wa umri na wazazi pale ambapo cheti cha kuzaliwa hakikupatikana kwa wakati. Mtoto aliyekataliwa akiwa mchanga anakuwa kijana wa darasa la sita anayekaa nje wakati wenzake wanafanya mazoezi ya komunyo, na anajua sababu, kwa kuwa watoto hawafichiani.

Baya kuliko yote ni kifo. Wazazi wengi bado wanaogopa kwamba mtoto asiyebatizwa hana mahali mbinguni. Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilitoa waraka mwaka 2007 ukisema kuna sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto hao, lakini habari hiyo haikufika vijijini kama ilivyofika hofu. Kanuni ya 1183 inamruhusu askofu kukubali mazishi ya kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Mama aliyekwenda ofisini mara tatu akarudishwa mara tatu alikuwa na kusudi kuliko wengi. Lakini nani atathibitisha, ikiwa hakuna mahali ilipoandikwa kwamba alikwenda?

Hata jina la baba, ambalo husemwa kuwa ndilo linaloleta ugumu wa kuandika kitabu cha ubatizo, lilikwisha kutatuliwa. Kanuni ya 877 inaeleza namna ya kuandika mtoto wa mama asiye na ndoa: jina la mama huandikwa, la baba huandikwa akitamka mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili au kukiwa na hati ya serikali, na yasipopatikana hayo mtoto huandikwa bila la baba. Kwa upande wa serikali, Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2016 ilisema kifungu kilichozuia jina la baba asiye na ndoa kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa bila ridhaa yake kinakiuka Katiba. Vitabu vyote viwili vina nafasi ya mtoto huyu.

Waanglikana wa Uingereza, ambao makanisa ya Kianglikana ya hapa kwetu yalizaliwa kwao, wana utaratibu unaofaa kuangaliwa. Kanuni yao inamkataza mchungaji kukataa kubatiza mtoto wa eneo lake, au kumchelewesha isipokuwa kwa ajili ya kuwafundisha wazazi na wasimamizi. Akikataa au akichelewesha bila sababu, wazazi wanaweza kukata rufaa kwa askofu. Ni jambo dogo, rufaa, lakini linabadilisha mazungumzo yote mlangoni, maana anayekataa anajua ataulizwa.

Kwa Wakatoliki, haki hiyo ipo pia, imelala tu. Kanuni ya 213 inampa muumini haki ya kupata sakramenti kutoka kwa wachungaji wake, na ya 843 inawakataza wahudumu kuwanyima wanaoomba kwa wakati ufaao, walio tayari na wasiozuiwa na sheria. Mama aliyekataliwa anaweza kuomba sababu kwa maandishi. Anaweza kumleta bibi wa mtoto, ambaye pengine ndiye atakayemlea, aahidi mbele ya paroko. Msimamizi aliyekwisha kupata kipaimara na mwenye mwenendo unaojulikana ni tumaini lenye msingi. Akikataliwa bado, ofisi ya askofu ipo, na barua haihitaji muhuri wa mwenyekiti wa jumuiya ili ifike huko. Najua ni wachache watakaothubutu. Ndiyo maana sitaki mzigo huu ubaki kwa akina mama peke yao.

Maaskofu wa Kenya, Tanzania, Uganda na Sudan Kusini wanakutana katika AMECEA. Wa Rwanda, Burundi na Kongo wana chama chao, ACEAC. Mgawanyo huo ulifuata lugha za wakoloni, na waumini wameshauvuka siku nyingi: Mrundi anaolewa Kigoma, Mganda anafanya kazi Kigali, Mkongo ana duka Kampala, na watoto wanazaliwa kote huko. Vyama hivi viwili vingeweza kutoa mwongozo mmoja. Useme ni nani anaweza kutoa ahadi ya malezi badala ya wazazi. Useme kwamba anayeahirishiwa apewe sababu kwa maandishi, tarehe ya kukutana tena isiyozidi miezi michache, na jina la mtu atakayemtembelea. Useme barua ya parokia ya nchi moja inatosha katika nchi nyingine. Na useme ubatizo wa watoto wote ufanyike siku moja, mbele ya watu wote, bila Jumatano ya watoto wa nje.

Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila parokia, pale pale yanapobandikwa majina ya wanaotarajia kufunga ndoa.